Kifungu cha Babu

Tarehe 7 Juni 2010, kampuni ya AT&T ya Marekani iliacha kuwauzia wateja wapya wa simu janja intaneti isiyo na kikomo. Kifurushi cha dola 30 kwa mwezi, kilichomruhusu mtu atumie data kadiri atakavyo, kiliondolewa dukani. Mahali pake pakawekwa viwili: dola 15 kwa MB 200, au dola 25 kwa GB 2. Tangazo lilikuwa limetoka siku tano tu kabla, na ndani yake mlikuwa na maneno ya kutuliza nyoyo: waliokuwa na kifurushi cha zamani wangeweza kubaki nacho.

Ahadi hiyo ndiyo ninayotaka kuifuatilia. Kufunga mlango kwa wapya ni jambo la siku moja. Kilichowapata waliokuwa tayari ndani kilichukua miaka karibu kumi, na kina mengi ya kutufundisha.

Kwanza, kwa nini kampuni iliuza kitu kisicho na kikomo? Jibu lipo mwaka 2007, iPhone ilipoingia sokoni Marekani ikiuzwa kwa wateja wa AT&T peke yao. Simu ile ya kwanza ilitumia mtandao wa polepole sana, na duka la programu lilikuwa bado halijazaliwa. Mtu angesoma barua pepe, angefungua kurasa mbili tatu, basi. Kuahidi maji yasiyo na mwisho ni rahisi bomba likiwa jembamba kama mrija wa soda. Kikomo kilikuwepo tangu mwanzo, ila kilikuwa kwenye mtandao wenyewe, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kukiandika kwenye mkataba.

Mwaka 2008 ikaja simu ya 3G pamoja na duka la programu. Bomba likapanuka, watu wakaanza kutazama video na kusikiliza muziki barabarani. AT&T yenyewe ilisema data iliyopita kwenye mtandao wake iliongezeka kwa asilimia 8,000 katika muda wa miaka minne hivi. New York na San Francisco wateja walilalamika kwamba simu zinakatika katikati ya mazungumzo. Ilipobadilisha vifurushi mwaka 2010, kampuni ilijitetea kwa hesabu: asilimia 98 ya wateja wake wa simu janja walitumia chini ya GB 2 kwa mwezi, na asilimia 65 chini ya MB 200. Hesabu haikuwa ya kudharau, kwa kuwa wengi wangelipa kidogo kuliko zamani. Lakini ilikuwa hesabu ya matumizi ya jana, na kifurushi kinanunuliwa kwa ajili ya kesho.

Verizon, mshindani wake mkubwa, ilifanya vivyo hivyo tarehe 7 Julai 2011. Wapya wapimiwe, wa zamani waachwe.

Waamerika wana neno kwa mteja wa namna hii. Husema amepewa haki ya babu. Wengi hulitamka bila kukumbuka lilikotoka. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, katiba ya Marekani ilikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Majimbo kadhaa ya kusini yakatafuta njia ya kuzunguka. Louisiana, mwaka 1898, iliweka masharti ya kujua kusoma au kuwa na mali, kisha ikaongeza kifungu: aliyekuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867 au kabla, pamoja na wanawe na wajukuu wake, masharti hayo hayamhusu. Tarehe hiyo iliteuliwa kwa makusudi, maana wakati huo Weusi wa Louisiana walikuwa bado hawajaruhusiwa kupiga kura. Mzungu asiyejua kusoma akapita kwa jina la babu yake. Mweusi, ambaye babu yake alikuwa mtumwa, akabaki nje. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kubatilisha kifungu cha aina hiyo cha jimbo la Oklahoma mwaka 1915.

Kura na MB si vitu vya kupimwa kwenye mizani moja. Hata hivyo neno limebeba umbo lake hadi leo: sheria mpya inatungwa, na anayeikwepa ni yule aliyetangulia kufika. Katika biashara, mtu huyo ni mgeni mwenye kiti ambacho mwenye nyumba anatamani akiache. Kumfukuza ni aibu. Basi nyumba inaanza kupunguzwa raha.

Hatua ya kwanza ilikuwa kasi. Kuanzia Oktoba 2011, AT&T ilianza kuwabana wateja wa zamani waliokuwa miongoni mwa asilimia 5 ya watumiaji wakubwa. Machi 2012 ikaweka mstari wa wazi: ukipita GB 3 kwa mwezi, au GB 5 kwa simu za mtandao mpya wa LTE, kasi inashuka hadi mwezi wa malipo uishe. Wakati huohuo mteja mpya alikuwa akiuziwa GB 3 kwa dola 30, bei ileile aliyolipa mwenzake wa "bila kikomo". Jina lilibaki, lakini tofauti ilikuwa imeyeyuka. Mwezi Mei mwaka huo mkuu wa AT&T, Randall Stephenson, alikiri hadharani kwamba anajutia jinsi walivyopanga bei mwanzoni.

Hatua ya pili ilikuwa simu yenyewe. Waamerika wengi wakati huo hawakununua simu kwa bei yake kamili. Kampuni ilifidia sehemu kubwa, iPhone ikauzwa dola 199, na mteja akajifunga kwa mkataba wa miaka miwili. Kuanzia tarehe 28 Juni 2012, Verizon ilisema anayetaka simu mpya kwa bei ya fidia ataacha kifurushi chake kisicho na kikomo. Anayetaka kubaki nacho anunue simu kwa bei kamili, zaidi ya dola 600. Hakuna mkataba uliovunjwa. Miaka miwili ya mteja ikishaisha, yeye hulipa mwezi kwa mwezi, na kampuni inaweza kusubiri tu. Simu huanguka, betri huchoka, na siku moja mteja ataingia dukani kwa miguu yake.

Hofu hii niliikuta kwa mjomba wangu, dereva wa lori Columbus, Ohio, nilipokwenda kusoma kule. Laini yake ilikuwa ya zamani, na kampuni yake haina haja ya kutajwa. Kila usiku alipoegesha lori alimpigia bibi yangu, Tanga, simu ya video, na wakati mwingine aliiacha wazi bibi akiendelea kupika. Nilipomwomba aniongeze kwenye akaunti yake nipunguziwe gharama, alitikisa kichwa. "Mjomba," akaniambia, "nitakupa hela ununue laini yako. Hii haiguswi. Wakishafungua hilo faili, watanipa karatasi mpya nitie sahihi." Mimi niliyelelewa na vifurushi vya siku, vinavyokufa saa sita usiku hata kama MB zimebaki, nilimwona kama mtu anayelinda hati ya shamba la ukoo.

Hatua ya tatu ilikuwa bei. Novemba 2015 Verizon iliwaongezea wateja hao dola 20 kwa mwezi. Februari 2016 AT&T ikaongeza dola 5. Mwaka huohuo Verizon iliwaandikia wale waliozidi GB 100 kwa mwezi: wahamie kifurushi kingine, la sivyo laini zitakatwa.

Wengine walikwenda mahakamani. Februari 2012 mteja mmoja wa California aliishtaki AT&T katika mahakama ya madai madogo kwa kumbana kasi, akapewa dola 850. Oktoba 2014 Tume ya Biashara ya serikali kuu ikafungua kesi kubwa. Ilidai kwamba wateja zaidi ya milioni 3.5 walikuwa wamebanwa, jumla ya mara zaidi ya milioni 25, bila kuelezwa vya kutosha walipokuwa wakinunua. Kampuni ilijibu kwamba tume haina mamlaka juu yake, na ubishi huo peke yake ulikula miaka hadi 2018. Novemba 2019 AT&T ilikubali kulipa dola milioni 60. Ukizigawa kwa watu milioni 3.5, ni kama dola 17 kwa kila mmoja.

Kabla kesi haijaisha, bidhaa yenyewe ilikuwa imerudi. Ushindani wa T-Mobile uliwabana wakubwa, na Februari 2017 Verizon na AT&T zote zilikuwa zinauza tena "bila kikomo" kwa kila mtu. Ya Verizon ilikuwa dola 80 kwa laini moja, na ukipita GB 22 ungeweza kupunguziwa kasi penye msongamano. Maneno ni yaleyale, ila safari hii kikomo kimeandikwa.

Kwetu Tanzania, Aprili 2021, vifurushi vilipopanda ghafla watu walipiga kelele siku hiyohiyo, na serikali ikasitisha mabadiliko. Ilikuwa rahisi kukasirika kwa sababu kila mtu aliguswa kwa pamoja. Wateja wa Marekani walitenganishwa tangu mwanzo: wapya hawakuwa na cha kupoteza, na wa zamani walinyamaza wasije wakagutukiwa. Mjomba wangu hakuwahi kulalamika popote. Alijua kanuni ya mwenye haki ya babu: aishi kimya, na aombe simu yake isianguke.