Springi za faiba zajaribu kuiondoa feleji chini ya gari

Kazi ya springi, au kamani kama wanavyoiita wengine, ni kubeba uzito wa gari na kumeza mitikisiko ya barabara. Kwa zaidi ya karne moja kazi hiyo imefanywa na feleji, na kasoro yake kuu ni uzito. Gurudumu lililolemewa na chuma hukawia kutulia baada ya kugonga shimo, na gari zito hunywa mafuta mengi zaidi au humaliza betri mapema.

Jibu moja lilipatikana Marekani mnamo 1981. Kampuni ya General Motors iliweka springi ya nyuma ya faiba katika gari lake la Corvette, kwanza katika yale yenye gia za kujibadilisha. Ulikuwa ubao mmoja wa nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ya epoksi, uliolazwa kutoka gurudumu moja hadi la pili. Bunda la feleji lililoondolewa lilikuwa na karibu kilo 20. Ubao huo haukufika kilo 4. Kuanzia toleo la 1984, springi za mbele nazo zikawa za faiba.

Si kwamba faiba ni ngumu kuliko feleji. La hasha! Feleji ni ngumu kupinda takriban mara tano zaidi. Lakini springi haitakiwi kuwa ngumu tu. Inatakiwa ipinde, ihifadhi nguvu, kisha irudi ilivyokuwa. Faiba hupinda mbali bila kuharibika, na uzito wake ni kama robo ya ule wa feleji ya ujazo uleule. Kilo kwa kilo, basi, huhifadhi nguvu nyingi zaidi. Isitoshe, haishiki kutu.

Namna inavyochakaa pia ni tofauti. Ufa katika feleji huanzia kwenye kutu au mkwaruzo, ukakua kimyakimya hadi siku chuma kinapokatika ghafla. Faiba aghalabu huchanika tabaka kwa tabaka, hivyo gari huanza kuinama kabla springi haijavunjika.

Springi ya kuzunguka ilikuwa kitendawili kigumu zaidi, kwa kuwa yenyewe haipindwi bali husokotwa. Mnamo 2014 Audi ya Ujerumani ilitangaza suluhisho lililobuniwa pamoja na mtengenezaji wa vipuri wa Italia: kiini cha nyuzi za kioo kilichozungushiwa nyuzi nyingine kwa mshazari wa nyuzi 45, huku na huku. Springi ya kilo 2.7 ikashuka hadi 1.6.

Hata hivyo, feleji haijashindwa. Mercedes-Benz iliingiza faiba katika gari la Sprinter na Volvo katika XC90, ilhali Corvette yenyewe ilirejea kwenye springi za kuzunguka za feleji katika toleo la 2020. Bei ni kikwazo, maana gundi huhitaji muda kukauka ndani ya kalibu. Kikwazo kingine ni miisho ya springi: kutoboa tundu la bolti ni kukata nyuzi zilezile zinazobeba mzigo, hivyo vishikio vya chuma hulazimika kufungwa kwa ustadi mkubwa. Mawe yanayorushwa na magurudumu nayo huumiza nyuzi.

Kwa wenye matatu na malori nchini, suala zito zaidi ni gereji. Springi ya feleji iliyolegea hupashwa moto na kukunjwa upya, au fundi huongeza jani moja, mazoea ambayo wahandisi hawayapendi lakini yamezoeleka. Faiba haikubali lolote kati ya hayo. Epoksi ikishakauka haiyeyuki tena; moto huiunguza tu. Ikiharibika, hutolewa nzima na kununuliwa nyingine. Na ilhali jani kuukuu la feleji humfikia fundi wa jua kali akalifua kuwa panga au patasi, ubao wa faiba uliochanika haufuliki.