Mchezaji anapoteguka kifundo cha mguu

Kuteguka kifundo cha mguu ni miongoni mwa majeraha yanayowapata wanamichezo mara nyingi, hasa katika kandanda na voliboli. Hutokea wayo unapopinda ghafla kuelekea ndani, nazo kano zinazoshikanisha mifupa upande wa nje zikavutika au kukatika.

Kosa linalotendwa viwanjani ni kuuchua mguu papo hapo au kuukanda kwa maji moto. Katika siku 2 au 3 za kwanza, joto huweza kuzidisha uvimbe. Badala yake, mchezaji aondolewe uwanjani, awekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hivi, afungwe bendeji isiyobana mno, kisha mguu uinuliwe.

Akishindwa kupiga hatua 4, au mfupa ukiuma unapobonyezwa, apelekwe hospitalini kupigwa eksirei, kwani huenda umevunjika.

Uvimbe ukipungua, aanze kutembea polepole na kujizoeza kusimama kwa mguu uliojeruhiwa. Zoezi hilo huimarisha usawa wa mwili na kupunguza hatari ya kuteguka tena. Asirejee mchezoni hadi aweze kukimbia na kuruka bila maumivu. Anayeharakisha huweza kuishia kuwa na kifundo kinachoteguka kila mara.