Nani Husema kwa Niaba Yetu mbele ya Wakuu?



Ipo kazi inayowashangaza wengi wetu tunapoisikia kwa mara ya kwanza. Mtu huajiriwa na kulipwa mshahara ili awaendee wabunge na mawaziri, awashawishi wapitishe sheria fulani au waiache. Kazi hiyo huitwa ushawishi wa kisiasa. Nchini Marekani inaruhusiwa na sheria: mwenye kuifanya hujiandikisha, akataja ni nani anayemlipa na kwa kiasi gani. Kila mara jambo hili linapozuka katika mazungumzo ya vijana hapa Cimpunda, jibu la kwanza huwa lile lile: hiyo ni rushwa iliyovikwa joho la sheria.

Jibu hilo lina msingi. Sisi tumezoea kuona mlango wa ofisi ukifunguka kwa mwenye bahasha na kubaki umefungwa kwa mwenye haki. Hata hivyo, tukiishia hapo tutakuwa tumeliacha swali nusu njia. Nchi yetu yenyewe iliundwa kwa ushawishi, ikaumizwa nao, na siku nyingine ikatetewa nao. Tuitazame historia hiyo, kisha tuulize ni ushawishi upi unaofaa kuruhusiwa, na kwa masharti gani.

Bendera iliyotambuliwa mezani

Mwanzoni mwa mwaka 1884, mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa na shirika lililodai kumiliki bonde la mto Kongo, lakini hakuna dola kubwa iliyokuwa imelitambua. Wakala wake mjini Washington alikuwa Henry Shelton Sanford, Mmarekani aliyewahi kuiwakilisha nchi yake huko Brussels. Sanford aliwaandalia maseneta na watu mashuhuri karamu. Aliwaeleza kwamba mfalme hakutafuta faida, bali alitaka kukomesha biashara ya watumwa na kuifungua Kongo kwa wafanyabiashara wa mataifa yote. Katika nakala alizowaonyesha za mikataba iliyotiwa alama na machifu wetu, maneno yaliyompa mfalme haki ya pekee ya biashara yalikuwa yameondolewa.

Tarehe 22 Aprili 1884 Marekani iliitambua bendera ya shirika hilo, ikiwa ya kwanza kati ya dola kubwa. Mataifa mengine yalifuata wakati wa Mkutano wa Berlin, uliofungwa Februari 1885, na hivyo ikazaliwa Dola Huru ya Kongo, mali ya mtu mmoja. Katika meza zile za Washington hakuketi hata mwana mmoja wa nchi hii.

Vijiti 110

Yaliyofuata mnayajua: mpira wa porini uliokusanywa kwa mijeledi, wanawake waliofungwa wawe rehani mpaka waume zao watimize kiasi kilichotakiwa, mikono iliyokatwa. Lakini tukumbuke pia jinsi dunia ilivyopata kuyajua. Edmund Dene Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, aliona bandarini Antwerp kwamba meli zilitoka Kongo zikiwa zimejaa mpira na pembe, na zilirudi huko zikibeba hasa bunduki na risasi. Akaelewa kwamba palipo na biashara ya haki bidhaa huenda na bidhaa hurudi. Palipo na bunduki tu, watu wanafanyishwa kazi kwa nguvu. Mwaka 1904 alishiriki kuanzisha Chama cha Marekebisho ya Kongo. Chama hicho kiliandika barua na vitabu, kikafanya mikutano, kikabisha hodi kwa wabunge. Huo nao ulikuwa ushawishi, ila ulifanywa hadharani.

Mfalme, akibanwa, alituma tume ya uchunguzi. Mbele ya tume hiyo alifika chifu Lontulu wa Bolima akiwa na vijiti 110, akaviweka kimoja kimoja. Kila kijiti kilikuwa mtu wake mmoja aliyeuawa kwa sababu ya mpira. Ripoti ya tume ilichapishwa mwaka 1905 na ilikiri maovu mengi. Lakini ushuhuda wenyewe wa Wakongomani haukuchapishwa. Uliwekwa katika nyaraka zilizofungwa kwa miaka mingi. Chifu alisema, na sauti yake ikawekwa kabatini.

Wakati huo huo mfalme alimwajiri mwanasheria wa San Francisco, Henry Kowalsky, amtetee Washington kwa siri. Alipoacha kuuendeleza mkataba wake, barua zao ziliangukia mikononi mwa gazeti la New York American, ambalo lilizichapisha Desemba 1906. Wasomaji walijifunza kwamba mfanyakazi mmoja wa kamati ya mambo ya nje ya Seneti alikuwa amehongwa ili azuie maazimio dhidi ya Leopold. Watu walikasirika, seneta Henry Cabot Lodge alipeleka azimio la kutaka uchunguzi, na shinikizo juu ya Ubelgiji likaongezeka. Tarehe 15 Novemba 1908 Kongo iliondolewa mikononi mwa mfalme na kuwa koloni la Ubelgiji. Uhuru ulikuwa bado mbali, lakini milki ya mtu mmoja ilikuwa imekwisha.

Sisi Wakatoliki hatuna budi kusema ukweli wote hapa. Kardinali James Gibbons wa Baltimore alimtetea Leopold; kwake mashtaka yale yalionekana kuwa vita vya wamisionari wa Kiprotestanti dhidi ya mfalme Mkatoliki. Lakini padre Arthur Vermeersch, Myezuiti wa Ubelgiji, alichapisha mwaka 1906 kitabu kilichoukosoa utawala wa mfalme wake mwenyewe. Imani ilikuwa moja. Mmoja aliamini aliyoambiwa na wakuu, mwingine alichunguza.

Jinsi sheria ilivyokuja

Wamarekani wenyewe hawakuukubali ushawishi kwa moyo mwepesi. Katika karne ya 19 Mahakama yao Kuu ilikataa kulazimisha malipo ya mtu aliyeajiriwa kulishawishi Bunge, na katiba ya jimbo la Georgia ya mwaka 1877 ilitangaza kazi hiyo kuwa kosa la jinai. Kwa upande mwingine, katiba ya nchi yao, tangu 1791, inalinda haki ya kila raia kuiomba serikali iondoe jambo linalomdhulumu. Utamzuiaje mwenye fedha kumwendea mbunge bila kumzuia pia mjane?

Jibu walilolichagua halikuwa kuifuta kazi hiyo bali kuitoa gizani. Sheria ya 1938 iliwataka mawakala wa nchi za kigeni wajiandikishe. Sheria ya 1946 iliwahusu wanaolishawishi Bunge, na ile ya 1995 ikaziba mapengo yake. Hadi leo wananchi wamegawanyika. Wako wanaosema kwamba sheria hizo zimeitakasa rushwa tu, kwa sababu mwenye mamilioni ataendelea kusikilizwa kuliko asiye nacho. Wako wanaojibu kwamba heri mwizi aonekanaye kuliko asiyeonekana.

Sisi tunao mfano wetu wa kupima hoja hizo. Mwaka 1906 dunia ilizijua siri za Leopold kwa sababu tu wakala wake aliacha kulipwa. Mwaka 2017 mambo yalikuwa tofauti. Kutokana na daftari lile la mawakala wa kigeni, ilijulikana kwamba serikali yetu ilikuwa imefunga mkataba wa mamilioni ya dola na kampuni ya Israeli, Mer Security, ili itetewe Washington. Wakati huo uchaguzi uliotakiwa kufanyika mwaka 2016 ulikuwa umecheleweshwa. Hakuna aliyehitaji kuiba barua. Ilitosha kusoma daftari.

Mwishoni mwa mwaka huo huo, tarehe 31 Desemba 2017, Wakatoliki wa Kinshasa, kwa wito wa Kamati ya Walei ya Uratibu, walitoka kanisani wakiwa na rozari na Biblia. Walidai utekelezaji wa makubaliano yaliyosimamiwa na maaskofu mwaka mmoja kabla. Walipigwa mabomu ya machozi na risasi, na watu wakafa. Walitoka tena Januari na Februari 2018. Hivyo nchi moja ilikuwa na njia mbili za kuomba: moja ililipiwa mamilioni katika ofisi za mbali, nyingine ililipiwa damu barabarani. Katika nchi ambayo raia asiye na fedha hupigwa risasi anapoomba, kuwaandikisha washawishi peke yake hakutoshi.

Wema usiotuuliza

Nuru ni sharti la kwanza, lakini historia ya Kivu inadai sharti la pili. Tarehe 21 Julai 2010 rais Barack Obama alitia saini sheria kubwa ya fedha. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha 1502, kilichozitaka kampuni zichunguze kama bati, tantali, tangsteni na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au nchi jirani na kama zinayafaidisha makundi yenye silaha. Kifungu hicho kilikuwa tunda la ushawishi wa mashirika ya haki za binadamu, wenye nia njema, waliofanya kazi hadharani. Hapa kwetu watu waliita Sheria ya Obama.

Septemba mwaka huo serikali ya Kinshasa ilisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Ilipouruhusu tena, wanunuzi wengi walikuwa wamekwisha kukimbia, kwa maana ilikuwa rahisi kuiacha Kongo kuliko kuichunguza. Katika machimbo ya kasiterite na koltani, wachimbaji ambao hawakuwa na kosa lolote walikosa riziki, wauza vyakula wakakosa wateja, na watoto wakarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mwaka 2014 wataalamu wapatao 70, Wakongomani na wageni, waliandika barua ya wazi wakisema kwamba sauti za watu wa machimbo hazikusikilizwa vya kutosha.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Wapo Wakongomani walioitetea sheria hiyo, akiwemo Daktari Denis Mukwege wa Panzi, kwa sababu walijua silaha zinazobaka na kuua hununuliwa kwa fedha gani. Katika baadhi ya machimbo wenye silaha waliondoka. Lakini somo linabaki: hata ushawishi mwema na wa wazi unaweza kumuumiza anayetetewa, ikiwa yeye mwenyewe hakuitwa mezani. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

Haki iliyo mkononi

Je, sisi tunayo njia halali ya kusema na wakuu? Sheria yetu ya mwaka 2005 dhidi ya rushwa inaadhibu pia biashara ya kuuza na kununua ushawishi. Na Katiba ya 2006, katika kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine. Mamlaka inapaswa kujibu katika miezi mitatu, na mtu hawezi kushtakiwa kwa kuomba hivyo. Ni wangapi kati yetu wamewahi kukisoma kifungu hicho?

Cimpunda, kama sehemu nyingine za Kadutu, inajua mabomba yasiyotoa maji, mmomonyoko unaozila nyumba, na moto unaoruka kutoka nyumba ya mbao hadi nyingine kwa sababu hakuna njia ya kupita. Mara nyingi tunamtafuta mtu anayemjua mtu, atusemee faraghani. Huo ni ushawishi wa Sanford katika kipimo kidogo: anayesemewa hajui yaliyosemwa, na msemaji hurudi na faida yake. Ombi lililoandikwa, lenye majina ya wakazi na tarehe ya kupokelewa, likasomwa mbele ya jumuiya kabla ya kupelekwa, ni jambo jingine kabisa. Huenda lisijibiwe. Lakini litabaki kuwa ushahidi kwamba tuliomba, kama vijiti vya Lontulu vilivyobaki kuwa ushahidi hata baada ya kufichwa.

Kitabu cha Esta kinatuonyesha watu wawili walioingia kwa mfalme mmoja. Hamani aliahidi talanta elfu kumi za fedha ili taifa liangamizwe, na taifa lenyewe halikuwa na habari. Esta alilitetea taifa alilozaliwa nalo, baada ya kuwaomba watu wake wafunge pamoja naye, na hatari ikawa juu ya kichwa chake mwenyewe. Sheria inaweza kumlazimisha Hamani aandike jina lake katika daftari, na ni vizuri ifanye hivyo. Lakini kumpata Esta ni kazi ya jumuiya.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni nani husema kwa niaba ya mtaa wetu mbele ya wakuu, na sisi hujuaje alichokisema?
2. Mtu akilipwa kututetea, tungemwekea masharti gani?
3. Kama tungeandika ombi moja kwa mujibu wa kifungu cha 27, lingehusu nini, na ni nani ambaye hatuna budi kumsikiliza kabla ya kuliandika?