Fremu ya Chuma na Gia Yake Moja

Baiskeli ya gia moja ina sproketi moja mbele, nyingine nyuma, na cheni inayoziunganisha. Mwendeshaji akishakaa kitini hana cha kuchagua tena. Uchaguzi wote ulishafanywa kiwandani au kwa fundi. Kwa sababu hiyo si haki kuipima fremu bila gia yake. Ulalo wa mabomba, urefu wa sehemu ya nyuma, kimo cha krenki kutoka ardhini, na zaidi ya vyote umbo la mdomo ambamo ekseli ya nyuma hukaa, ndivyo vinavyoamua ni gia gani itafungika na itafaa kwa kazi ipi.

Mambo hayo yote yalianza Uingereza katika muongo mmoja. Kabla ya hapo baiskeli zilikuwa na gurudumu kubwa mno mbele, pedali zikiwa zimefungwa kwenye ekseli yake. Aliyetaka kwenda kasi alihitaji gurudumu kubwa zaidi, na mwisho wa ukubwa huo ulikuwa urefu wa miguu yake. Mwaka 1880 Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na karakana Manchester, alisajili hati miliki ya cheni ya bushi na rola, na ndiyo cheni inayotumika hadi leo. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa Rover, baiskeli fupi inayosukumwa na cheni kwenye gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, akaleta tairi ya upepo, na gurudumu kubwa likakosa kazi.

Kipimo chake, hata hivyo, kilibaki. Hadi sasa gia ya baiskeli hutajwa kwa inchi, yaani kipenyo cha gurudumu kubwa la kale ambalo lingekwenda umbali uleule kwa mzunguko mmoja wa pedali. Hesabu yake ni nyepesi: idadi ya meno ya mbele hugawanywa kwa meno ya nyuma, kisha jibu huzidishwa kwa kipenyo cha gurudumu. Meno 44 mbele na 18 nyuma kwenye gurudumu la inchi 28 hutoa gia ya inchi 68. Baiskeli hiyo husonga karibu mita 5.5 kila krenki inapozunguka mara moja. Gia ya inchi 50 ni ya mlima na mzigo; ya inchi 70 ni ya tambarare; ikipita 85 huwa ni ya mashindano, au ya mtu aliyekosea kununua.

Chuma kilishika nafasi katika fremu kwa sababu mabomba yake yasiyo na mshono yalianza kupatikana kwa wingi, hasa Birmingham, wakati uleule baiskeli ya cheni ilipohitaji fremu nyepesi yenye umbo la almasi. Mabomba yaliingizwa katika soketi za chuma na kuungwa kwa shaba iliyoyeyushwa, kazi inayofanyika kwenye joto la takriban nyuzi 900. Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham alisajili njia ya kutengeneza bomba lenye kuta nene kwenye ncha, penye kiungo na joto la shaba, na nyembamba katikati. Mwaka 1935 kampuni yake ikatoa bomba la 531, la chuma chenye manganizi na molibdeni, ambalo kwa miongo kadhaa lilikuwa fahari ya waendeshaji wa mbio barani Ulaya.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji hulifunika mara nyingi. Chuma cha bei na chuma cha kawaida hunepa karibu sawasawa iwapo mabomba yana kipenyo na unene uleule. Tofauti yao iko kwenye nguvu: chuma bora hustahimili mkazo mkubwa zaidi kabla ya kupinda moja kwa moja au kuvunjika, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kupunguza unene wa kuta na kuokoa uzito. Fremu ya 531 ni nyepesi, lakini kuta zake nyembamba hazipendi moto mkali wa kuchomelea. Fremu nzito ya chuma laini huonyesha kilo nyingi kwenye mizani, lakini ikikatika fundi mwenye mtungi wa gesi huiunga na kuirudisha barabarani siku hiyohiyo. Penye barabara mbovu na duka la vipuri lililo mbali, uzito huo ni bei ya haki kabisa.

Kampuni iliyoisambaza fremu ya aina hiyo duniani ni Raleigh ya Nottingham. Frank Bowden aliichukua kutoka kwa karakana ndogo ya Mtaa wa Raleigh mwishoni mwa miaka ya 1880, na kabla karne haijaisha kiwanda chake kilihesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote vya baiskeli duniani. Baiskeli yake kuu, roadsta, ilikuwa na magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, boksi la cheni, na fremu iliyolala nyuma kwa pembe za nyuzi zipatazo 68 au pungufu. Umbali kati ya ekseli mbili ulizidi mita 1.1. Urefu na ulalo huo humeza mitikisiko ya mawe, na huweka nafasi ya keria ndefu ambayo mzigo wake haugongi visigino vya mwendeshaji.

Roadsta ilifika Afrika Mashariki wakati wa ukoloni ikiwa chombo cha makarani, walimu, makatekista na wakulima waliokuwa na mazao ya kuuza. Baadaye viwanda vya Asia viliichukua sura ileile karibu bila kubadilisha kitu: Hero ya Ludhiana, India, iliyoanza mwaka 1956, na Phoenix ya Shanghai, ambayo kwa Watanzania wengi jina lake lilitosha kumaanisha baiskeli yenyewe. Tanzania nayo ilikuwa na baiskeli yake, Swala. Kenya baiskeli hizo nyeusi na nzito ziliitwa Black Mamba. Katika mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, zilitiwa mto juu ya keria na kuanza kubeba abiria. Ndiyo asili ya biashara ya bodaboda, kabla pikipiki haijaingia.

Katika safari hiyo fremu ilifaa kuliko gia. Meno 44 kwa 18, au hata 48 kwa 18 inayofika inchi 75, ni gia ya mtu mmoja na mkoba wake kwenye barabara ya lami isiyo na mlima mkali. Ikipakiwa gunia la mkaa, kreti za soda au abiria mzima, mwendeshaji husimama juu ya pedali, kisha hushuka na kusukuma. Dawa iko nyuma. Friwili, yaani sproketi ya nyuma inayoliacha gurudumu lizunguke pedali zikitulia, ikiwekwa ya meno 22 badala ya ile ya 18, gia hushuka hadi inchi 56, na nguvu inayotakiwa mguuni hupungua kwa karibu asilimia 18. Kwa mwendo wa mizunguko 60 kwa dakika kasi huteremka kutoka kilomita 19 na ushei kwa saa hadi 16. Mwenye mzigo hupoteza kidogo sana hapo, kwa kuwa mlimani hakuwa akiifikia hiyo 19.

Mabadiliko hayo yanawezekana kwa sababu ya mdomo wa ekseli. Roadsta ina mdomo ulalao, wazi kuelekea nyuma, wenye skrubu ndogo za kuvutia gurudumu. Meno manne yanapoongezwa nyuma, cheni huhitaji urefu wa inchi moja zaidi. Fundi huongeza kipande, au hulegeza nati na kusogeza ekseli mbele kiasi cha milimita 13, na cheni inakubali. Friwili yenyewe hufunguliwa kwa kifaa chenye meno mawili kinachobanwa kwa nati ya ekseli, maana kila pedali inapokanyagwa huzidi kuikaza kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Ikikaa miaka mingi bila grisi huhitaji bomba refu la kuongeza nguvu ya mkono. Cheni ikicheza kati ya nusu inchi na robo tatu juu na chini, kazi imekamilika. Ikikazwa kupita hapo, gololi za habu na za krenki ndizo zinazolia.

Njia nyingine ya kuipa roadsta gia za ziada ilipatikana kwenye mji uleule wa Nottingham. Mwaka 1903 Bowden alianzisha biashara ya habu ya gia tatu, na jina la Sturmey-Archer likatokana na wavumbuzi wawili, Henry Sturmey na James Archer. Habu yao ya AW, iliyotoka mwaka 1936, hupunguza gia kwa robo na kuiongeza kwa theluthi. Gia ya inchi 68 hugeuka kuwa tatu, 51, 68 na 91, kwenye fremu ileile na mdomo uleule. Nyingi za roadsta zilizokuja Afrika hazikuwa nayo. Ilipandisha bei, na ndani yake mna vigurudumu vidogo vya meno na vispringi ambavyo vikiharibika havina mbadala kijijini.

Ufaransa hoja ilikuwa tofauti kabisa. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France ya mwaka 1903, aliamini kwamba gia za kubadilisha ni za wazee, na kwamba ushindi wa mbio unapaswa kupatikana kwa misuli. Vihamisha cheni havikuruhusiwa kwa washindani wote hadi mwaka 1937. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, mashujaa wa milima ya Alps na Pyrenees walipanda kwa fremu za chuma zenye habu ya pande mbili, kila upande na sproketi yake. Chini ya mlima mwendeshaji alishuka, akalegeza nati zenye masikio, akalitoa gurudumu, akaligeuza na kulirudisha likiwa na meno mengi zaidi, kileleni alirudia. Nati hizo zilimkera Tullio Campagnolo wa Italia akiwa mshindani, na mwaka 1930 akasajili wenzo wa kufungulia gurudumu kwa mkono mmoja. Kwa sababu gurudumu lilipaswa kutoka haraka bila kukatisha cheni, mdomo wa fremu hizo uliachwa wazi kuelekea mbele.

Ukoo wa tatu ni wa uwanjani. Baiskeli ya uwanja haina friwili wala breki: sproketi imefungwa moja kwa moja kwenye habu, na gurudumu likizunguka pedali nazo huzunguka. Gia funge ya namna hiyo imeiumba fremu yake. Krenki imeinuliwa juu na mara nyingi ina urefu wa milimita 165 tu, kwani kwenye kona mwendeshaji hawezi kusimamisha pedali isiguse sakafu. Pembe zimesimama, nyuzi 74 au zaidi, na ekseli mbili hazitengani hata mita moja. Japani imeitunza fremu hii kwa uaminifu wa pekee. Mbio za keirin, zilizoanza Kokura mwaka 1948 na kuchezewa kamari kihalali, bado huendeshwa kwa fremu za chuma zilizoungwa kwa mikono na mafundi walioidhinishwa, ili mshindi awe mtu na si karakana yake. Meno 49 kwa 14 hutoa uwiano wa 3.5, gia ambayo ingemwadhibu yeyote kwenye barabara ya kawaida.

Watarishi wa New York waliitoa gia funge uwanjani na kuiingiza mjini, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wa miji mingi ya Marekani, Ulaya na Asia wakafuata kwa kuvua gia kwenye fremu kuukuu za mbio. Fremu za chuma za miaka ya 1970 hukubali kwa urahisi, kwa kuwa mdomo wake umelala na upana wa nyuma ni milimita 120, sawa na habu ya uwanja. Zilizokuja baadaye zina mdomo wa wima. Hapo cheni haina pa kukazwa isipokuwa kwa kifaa cha ziada, na anayenunua fremu bila kuuangalia mdomo huo hununua tatizo.

Wanaosimamisha gia funge kwa kuburuta tairi wana hesabu nyingine ya kufanya. Uwiano wa 48 kwa 16 ni tatu kamili, kwa hiyo anayetanguliza mguu uleule huburuta tairi sehemu ileile kila mara mpaka itoboke. Akiweka meno 17 nyuma, gia hubadilika kidogo tu, lakini sehemu za kuburuta hufika 17 na tairi huisha kwa usawa.

Roadsta yenyewe haikubaki nyuma. World Bicycle Relief, shirika la Chicago lililoanzishwa mwaka 2005, hutoa Buffalo, baiskeli ya chuma yenye gia moja, breki ya kukanyaga nyuma, na keria ya kubeba kilo 100, na Kenya ni mojawapo ya nchi inakounganishwa. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa toleo la gia mbili lisilo na waya wala kihamisha cheni. Lina cheni mbili na friwili mbili, na mwendeshaji hubadilisha gia kwa kurudisha pedali nyuma kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20, kiwanda cha Saint-Étienne kilichotengeneza baiskeli za Hirondelle kilikuwa na wazo la jirani: cheni moja ndefu ilipitishwa kwenye friwili mbili, pedali zikienda mbele gia ikawa kubwa, zikirudishwa nyuma ikawa ndogo, na baiskeli ikaendelea kwenda mbele. Mfaransa alipanda mlima akikanyaga kinyumenyume. Mwenye Buffalo huchagua gia, kisha hukanyaga kama kawaida, gunia likiwa nyuma yake.