Chumba cha Mchezo: Tiba ya Watoto Tangu 1923 Hadi 2020

Neno kucheza katika Kiswahili lina upana mkubwa. Mtoto hucheza na mwanasesere wake, ngoma huchezwa, na hadithi itendwayo jukwaani huitwa mchezo. Hata hivyo, mtu mzima asemapo "huo ni mchezo tu", hukusudia kwamba jambo halina uzito. Historia ya tiba ya mchezo ni historia ya watu walioikataa maana hii ya mwisho, wakashika kwamba mchezo wa mtoto ni usemi. Lakini usemi wa siri hutaka mahali pa kusemewa, na suala hilo la mahali ndilo lililorejea kwa nguvu mwaka wa 2020.

Mwaka wa 1923, Melanie Klein, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alimtibu mtoto wa kike wa miaka 2 na miezi 9, ambaye katika maandishi yake amemwita Rita. Alimwendea nyumbani kwao, na mtoto akachezea vitu vyake mwenyewe. Kazi hiyo ilizaa matunda. Walakini Klein aliona kwamba haifai kuendelea hivyo. Hisia za mama zilikuwa karibu mno, na mtoto alihitaji mahali palipotengwa na maisha ya kila siku, ndipo aweze kudhihirisha yale asiyothubutu kuyadhihirisha mbele ya wazazi. Basi akawapokea watoto katika chumba chake, na kila mmoja akawa na droo yake ya vichezeo, yenye kufungwa kwa ufunguo.

Si wote waliokubaliana naye. Anna Freud, katika mwaka wa 1927, alipinga kwamba kila tendo la mchezo lichukuliwe kuwa sawa na maneno ya mtu mzima anenaye kila limjialo. Mtoto aangushaye nguzo ya taa huenda anarudia tu alichokiona njiani. Kwa wanaisimu hoja hii si ngeni: si kila sauti ni neno, wala si kila mkusikiaji ni mfasiri wa haki.

Margaret Lowenfeld, tabibu wa London aliyefungua zahanati ya watoto mwaka wa 1928, alijibu kwa njia nyingine. Aliweka masanduku ya mchanga, maji, na kabati la vitu vidogo: watu, wanyama, nyumba, ua na magari. Watoto walijenga mchangani, na vile walivyovijenga wakaviita "dunia". Lowenfeld alishika kwamba mwenye kuieleza dunia hiyo kwanza ni yule aliyeijenga. Virginia Axline wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka wa 1947, alifuata njia iliyo jirani: mtoto aongoze, tabibu afuate, wala asimharakishe. Ijapokuwa walihitilafiana katika kufasiri, wote watatu, Klein, Lowenfeld na Axline, walikitegemea chumba kilichotengwa.

Mwaka wa 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipofunga vyumba vya matabibu wengi katika Uingereza, Marekani na kwingineko, tiba ilirudi nyumbani kwa njia ya intaneti. Tabibu akawa haoni ila kile kilichoelekewa na kamera. Mchanga wa kwenye kioo haukushikika. Na nyuma ya mlango alikuwapo mama, au ndugu mwenye kusikiliza. Lile alilolikimbia Klein likawa halina budi. Hata hivyo kulikuwa na faida: mtoto aliweza kumwonyesha tabibu kitanda chake na paka wake, na waliokaa mbali walifikiwa. Ndiyo sababu njia hii haikuachwa vyumba vilipofunguliwa tena.

Lakini mtoto ambaye dhiki yake imo katika nyumba ile ile hana uhuru wa kuicheza humo. Kwa ajili yake chumba cha mbali na nyumbani hakijapata badala. Kwa wengine, tabibu hupatana na wazazi kabla ya kikao: mlango ufungwe, ndugu wasiingie, na sanduku dogo la vichezeo liwekwe kando, lisifunguliwe ila kwa saa hiyo. Sanduku hilo lafanya kazi ya droo ya Berlin, isipokuwa ufunguo wake sasa umo mikononi mwa wazazi.