Akiba Haiozi: Meli Iliyozamishwa Mwaka 1916

Juni 1916 Wabelgiji waliwaondoa Wajerumani Gitega. Mwishoni mwa Julai wakaingia Kigoma. Huko Wajerumani walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg na kuletwa ziwani Tanganyika vipandevipande. Tarehe 26 Julai waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, adui asiipate. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Hawakuiangamiza; waliiweka akiba.

Wenyewe hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta injini na boila bado zinafaa. Baada ya matengenezo ya miaka mitatu, tarehe 16 Mei 1927 ilianza safari upya kwa jina la Liemba.

Vitabu vya vita hutaja makamanda. Mimi naona sifa kubwa ni ya mafundi wale. Mei 2015 Liemba iliwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Hata sisi wa Gitega na Muyinga, tulio mbali na ziwa, historia hiyo inatuhusu: walioitunza hawakujua itakuja kumwokoa nani.