Dirisha la Pili

Nyumba yangu hapa Tabata ina chumba chenye dirisha moja. Hata jioni yenye upepo, ukilifungua, pazia halitikisiki. Fungua na mlango wa upande wa pili, mara upepo unapita. Darasani nililifundisha jambo hili miaka mingi: hewa haiingii mahali pasipo na pa kutokea. Sikufikiri kwamba ndilo somo la kwanza la mgodi, hadi aliponitembelea kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anaendesha lori chini ya ardhi huko Kanda ya Ziwa. Nilimwuliza kama haogopi kuangukiwa na mwamba. Akajibu, "Mwamba nauona, Mwalimu. Ni moshi ndio sijui unanifanya nini."

Swali lake si la ajabu katika nchi yetu. Mgodi wa Geita ulichimbwa chini kwa chini tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Uchimbaji uliporejea mwaka 2000 ulikuwa wa mashimo ya wazi. Kazi ya chini ya ardhi ilianza tena mwaka 2016. Bulyanhulu nako, kazi ya chini ilisimama mwishoni mwa 2017 ikarejea mwishoni mwa 2020. Na juu ya hewa tumekwisha kupata funzo chungu: Juni 2002, huko Mererani, wachimbaji zaidi ya 30 walikufa kwa kukosa hewa baada ya pampu ya kuwapelekea hewa kukoma.

Waingereza walijifunza mapema zaidi, nao kwa misiba. Januari 1862, katika mgodi wa makaa wa Hartley, chuma cha mashine kilikatika kikaziba shimo pekee la kuingilia na kutokea. Watu 204 wakafa. Mwaka uleule Bunge lao lilitunga sheria ya kutaka kila mgodi wa makaa uwe na njia mbili. Hilo ndilo dirisha la pili.

Lakini migodi ya zamani ilipimiwa hewa kwa pumzi za watu, taa na moshi wa baruti. Leo anayevuta hewa nyingi kuliko wote ni injini ya dizeli. Kipimo kilichotumika kwa muda mrefu Australia Magharibi ni mita za ujazo 0.05 kwa sekunde kwa kila kilowati ya injini. Lori la kilowati 300 basi linadai mita za ujazo 15 kila sekunde. Darasa la mita 10 kwa 6, lenye kimo cha mita 3, lina mita za ujazo 180. Lori moja linamaliza hewa ya darasa zima kwa sekunde 12.

Mtu atasema, tufunge feni kubwa zaidi. Hapo hesabu inakataa. Mwaka 1854 mhandisi Mwingereza John Job Atkinson alieleza kwamba ukitaka hewa mara mbili katika njia ileile, msukumo lazima uwe mara nne. Na nguvu ya feni, basi, mara nane. Afadhali kupanua njia: tundu likipanuliwa kipenyo mara mbili, ukinzani wake hupungua kama mara 32. Ndiyo maana anayefufua mgodi hutoboa matundu mapya ya hewa, na kuziba kwa kuta njia kuukuu zisizotumika, kwa kuwa hewa, kama maji, hufuata njia rahisi ikaacha penye watu.

Na moshi wenyewe? Marekani iliweka kikomo mwaka 2008: mikrogramu 160 za kaboni kwa kila mita ya ujazo, wastani wa zamu ya saa 8. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitangaza kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Ushahidi mmojawapo ulitokana na wachimbaji zaidi ya 12,000 wa Marekani. Walipokuwa kazini wengi wao hawakuona lolote. Ugonjwa wa namna hii huja baada ya miaka mingi.

Nilimwambia kijana wangu kwamba mimi si daktari wala mhandisi, lakini mwalimu ana haki ya kutoa maswali. Aulize malori mangapi yamo katika mkondo mmoja wa hewa kwa wakati mmoja. Aulize hewa hiyo imepimwa lini, na ilipimwa pale anapofanyia kazi au mlangoni tu. Aulize vichujio vya moshi vinabadilishwa lini. Alitoa kalamu akayaandika yote matatu nyuma ya tiketi yake ya basi.

Alipoondoka nilibaki nikitazama kile chumba. Wiki iliyofuata nilimwita fundi, akatoboa ukuta wa pili.